Sivuti sigara, mbona pumzi inakata?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi dereva wa daladala hapa Mwanza, miaka 46, sigara sijawahi kuvuta. Mwaka jana nimekutwa na sukari na presha, dawa natumia ila kusema kweli siku zingine nasahau. Kinachonisumbua ni pumzi, nyumba yangu iko mlimani, zamani nilikuwa napanda ngazi za mawe mpaka juu huku naongea na simu, saivi nasimama mara tatu, na nikiinama kufunga kamba za viatu ndo kabisa. Nimepiga eksirei wakasema mapafu safi. Kijiweni wananiambia ni kitambi, sasa kitambi kiko tumboni, mapafu yako kifuani, vinakutana wapi?

JIBU: Marahaba kaka. Vinakutana kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta hewa unashuka ili mapafu yatanuke, sasa kama huko chini kumejaa mafuta utashukia wapi? Ndo maana ukiinama inakuwa balaa, tumbo zima linasukuma juu. Eksirei ni picha tu, haipimi mapafu yanabeba hewa kiasi gani, kwa hilo kuna spirometria, unapuliza kwa nguvu kwenye kibomba mpaka hewa iishe, ulizia hospitali ya rufaa.

Ila tusimalizie hapo kwenye mzigo. Mafuta ya tumboni yanamwaga kemikali zinazoleta uvimbe wa chinichini mwili mzima, njia za hewa zikiwemo, na sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu mishipa midogo ya damu, ileile tunayoihofia kwenye macho na figo, na mapafu yamejaa hiyo. Chukua tepu ya fundi cherehani upime kiuno (usivute tumbo ndani, tunawajua), mwanaume akifika sentimita 94 ujue sukari, presha na mafuta ya damu vinatembea pamoja. Ukipunguza hata kilo tano sita kwa kuacha soda za kituoni na kupanda hizo ngazi taratibu kila siku, pumzi utaona inarudi, na dawa usiruke.

Kabla ya kukilaumu kitambi kwa kila kitu lakini, moyo uangaliwe. Miguu ikivimba, ukawa hulali bila mito mitatu, au unashtuka usiku huna hewa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi kikipita wiki mbili kapime kifua kikuu hata kama eksirei ilikuwa safi, maana mwenye kisukari hatari yake ni mara mbili hadi tatu ya mwingine.

Na muulize shemeji kama unakoroma alafu unanyamaza ghafla kama umezimika, kisha unakurupuka. Hiyo ni pumzi kukata usingizini, inapandisha presha, inavuruga sukari, na mchana inakusinzisha. Ukishawahi kusinzia kwenye usukani mwambie daktari wako wiki hii, hapa naongea kama abiria.