"Wa kwanza kulipwa" au "wa kwanza wa kulipwa"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika habari za William Heffelfinger, Mmarekani aliyepewa dola 500 mwaka 1892 kucheza futiboli ya kwao. Niseme "mchezaji wa kwanza kulipwa" au "mchezaji wa kwanza wa kulipwa"? Nafasi yake nimeiita beki. Ni sawa?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Hiyo "wa" ya pili ni ndogo, lakini kwa mtu huyu ndiyo inayobeba habari nzima.

"Wa kulipwa" hutaja aina ya mchezaji, na kinyume chake ni "wa ridhaa". Bondia wa kulipwa huitwa hivyo hata kama mwaka mzima hajapanda ulingoni. Ukiiondoa "wa", kulipwa kunarudi kuwa tendo: wengi walicheza, yeye akatangulia kupokea fedha. Ni sawa na "mgeni wa kwanza kufika". Hapo unataja alichofanya tu.

Sasa mpime Heffelfinger. Alitoka Chuo Kikuu cha Yale akiwa na sifa kubwa. Tarehe 12 Novemba 1892, klabu ya Allegheny ikampa dola 500, mbali na nauli, acheze mechi moja dhidi ya klabu ya Pittsburgh. Mpira ulipowaponyoka wapinzani aliudaka, akakimbia nao hadi akafunga. Bao la namna hiyo lilikuwa na pointi 4, na mechi ikaisha 4-0. Malipo yake yaliandikwa kwenye daftari la hesabu la klabu, na ndiyo maana tunayajua leo. Mchezo wenyewe bado ulihesabiwa kuwa wa ridhaa, na ligi ya kulipwa haikuwapo. Kwa hiyo mimi nasimama na "wa kwanza kulipwa", tena niongeze "anayejulikana", kwa kuwa fedha za siri huenda ziliwahi kupita mikononi mwa wengine.

Beki hapana. Msomaji wetu atamwona mtu aliyebaki nyuma akilinda goli, kumbe Heffelfinger alisimama mstarini, kifua kwa kifua na wapinzani, akiwasukuma ili mwenye mpira apate njia. "Mshambuliaji" nayo itamfanya msomaji asubiri mabao, na kufunga hakukuwa kazi yake ya kila siku.

Andika hivi: "Heffelfinger, mchezaji wa mstari wa mbele, ndiye wa kwanza anayejulikana kulipwa kwa kucheza futiboli ya Marekani."