Tukikata udugu wa miji, tunamkata nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, ni haki mji kuvunja udugu na mji mwingine kwa sababu ya haki za binadamu?" Nimekaa miaka sita kwenye kamati ya kujitolea ya miji dada, yaani miji ya nchi tofauti iliyofunga urafiki rasmi, kazi yangu ikiwa kupokea na kupeleka barua za wanafunzi, na nimeshuhudia udugu huo ukivunjwa mbele ya macho yangu. Kwa hiyo kabla sijasema ndiyo au hapana, nami nauliza: kosa limetendwa na nani?

Kama baraza la mji dada lenyewe ndilo lililoketi, likainua mikono na kupitisha azimio la kuwadhulumu wakazi wake, vunjeni. Lakini kama dhuluma imeamriwa na serikali kuu, na baraza la mji halina ubavu wa kuizuia, simamisheni ziara za mameya, bendera na karamu, ila mawasiliano ya watu kwa watu msiyaguse. Madiwani wakiwa na hasira huisahau tofauti hii, na gharama yake humwangukia yule yule waliyedai kumtetea.

Tuanze na Poland, maana huko jambo hili lilijaribiwa na matokeo yakaonekana. Kuanzia mwaka 2019 mabaraza kadhaa ya miji na wilaya yalipitisha maazimio ya kujitangaza kuwa maeneo yasiyo na kile yalichokiita "itikadi ya LGBT", yaani ya wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Maazimio hayo hayakumfunga mtu jela, lakini yaliwaambia majirani fulani kwamba mji wao hauwataki. Mji wa Kraśnik ulikuwa mmojawapo. Mji dada wake wa Ufaransa, Nogent-sur-Oise, ukavunja uhusiano mwaka 2020. Mwaka huo huo Fermoy, mji mdogo wa Ireland, ukaachana na Nowa Dęba ya Poland kwa sababu hiyo hiyo, na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikakataa maombi ya fedha za miji dada kutoka miji sita ya Poland. Mwaka 2021 Nowa Dęba ikalifuta azimio lake. Kraśnik nayo ikalifuta mwaka huo huo.

Sidai kwamba udugu pekee ndio uliofanya kazi hiyo. Fedha za maendeleo kutoka Norway nazo zilikuwa hatarini, na fedha zina sauti kubwa. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba amri ilitoka kwa serikali kuu huko Warsaw. Madiwani wa pale walipiga kura wenyewe, barua ya kuvunja udugu ikaja kwao wenyewe, na wao ndio waliokuwa na uwezo wa kulifuta azimio. Tena barua hiyo iliandikwa na watu waliowahi kula nao meza moja. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na kumwambia ndugu yako usoni kwamba amemdhulumu mtu ni njia mojawapo ya kumfaa.

Sasa tazameni Coventry ya Uingereza na Volgograd ya Urusi. Mji wa Coventry ulipigwa mabomu ya Ujerumani usiku wa Novemba 1940. Miaka miwili baadaye Volgograd, wakati huo ukiitwa Stalingrad, ukaingia kwenye vita vilivyouacha kifusi kitupu. Wanawake wa Coventry wakatarizi kitambaa cha meza chenye majina ya wanawake 830 na kukituma kwa wenzao wasiowajua. Mwaka 1944 miji hiyo ikafunga udugu, na wengi huutaja kuwa ndio mwanzo wa miji dada ya zama zetu. Miaka 12 baadaye Rais Eisenhower wa Marekani alianzisha mpango uliozaa shirika la Sister Cities International, kwa imani kwamba watu wa kawaida wakijuana vita vitapungua.

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote, Coventry ilisitisha uhusiano na Volgograd. Chicago ikasitisha wake na Moscow. Hasira yao naielewa, maana hata mimi nilikuwa nayo, na nisingependa kumwona meya wangu akipiga picha za tabasamu na maofisa wa nchi inayoangusha mabomu juu ya nyumba za watu. Picha kama hizo hutumika kuonyesha kwamba mambo ni ya kawaida. Lakini kifaru hakikutumwa na baraza la mji. Na ndani ya Urusi kwenyewe sheria zilikazwa mwaka huo huo, hata mtu akaweza kufungwa kwa alichosema kuhusu vita. Mwalimu wa pale anayepinga vita kimoyomoyo anamhitaji rafiki wa nje kuliko wakati mwingine wowote. Sister Cities International lenyewe liliisihi miji isivunje uhusiano. Sikubaliani nalo kwa yote, kwa sababu ya zile picha za mameya, lakini kuhusu mwalimu yule nakubaliana nalo kabisa. Angalau Coventry ilichagua kusitisha. Aliyesitisha ameacha mahali pa kurudia.

Prague, mji mkuu wa Czech, na Beijing ya China ni kisa cha aina yake, na kilinifanya niipanue kanuni yangu. Hapo sumu ilikuwa ndani ya mkataba wenyewe. Mkataba wa 2016 ulikuwa na kifungu kilichoufanya mji wa Prague utamke kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Hiyo ni kazi ya wizara ya mambo ya nje. Meya Zdeněk Hřib, aliyeingia madarakani 2018, aliomba kifungu hicho kiondolewe na mengine yote yabaki. Beijing ikakataa, na Oktoba 2019 udugu ukafa. Hata kabla ya hapo okestra ya Prague Philharmonia ilikuwa imefutiwa ziara yake ya China, wanamuziki wakilipia deni ambalo si lao. Nikiisoma habari hiyo naona Prague ilifuata njia ya kiungwana: ilitaja neno moja inalotaka libadilike, ikangoja jibu, kisha ikaamua. Januari 2020 ikafunga udugu na Taipei, mji mkuu wa Taiwan.

Msomaji mmoja anaweza kunijibu kwamba mji wowote ukizoea kuvunja udugu, silaha hiyo itaangukia mikononi mwa wasiostahili. Ni kweli, na imekwisha kutokea. Mwaka 2017 San Francisco ilipokea sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa vita. Meya wa Osaka, mji dada wake wa Japani, akataka isipokewe, akakataliwa, na mwaka 2018 akavunja udugu uliodumu tangu 1957. Hapo aliyevunja alikuwa anaadhibu kumbukumbu ya wanawake waliodhulumiwa. Ndiyo maana sitaki hasira peke yake itoshe kuvunja. Atajwe aliyedhulumiwa, na aulizwe anataka nini. Mara nyingi haulizwi kabisa.

Kisha kuna suala la kufungua na kufunga mlango kila mara. Barcelona ilifunga udugu na Tel Aviv ya Israeli na Gaza ya Wapalestina kwa pamoja mwaka 1998, jambo ambalo nadhani lilihitaji moyo mkubwa. Februari 2023 meya Ada Colau akasitisha uhusiano na Tel Aviv. Kabla mwaka haujaisha meya mpya akaurudisha. Mei 2025 baraza likapiga kura kuuvunja. Sibishani na sababu za Colau, wala na uchungu wa baraza lililoona yaliyotokea Gaza. Ninachouliza ni kwa nini udugu wa mji uwe kama taa, anayeingia ofisini anawasha na anayefuata anazima. Azimio la kusitisha lingetamka kosa, likatamka kinachopaswa kubadilika, likatamka na tarehe ya kulitazama tena, meya mpya angekuwa na kazi ngumu zaidi kuligeuza kwa kauli yake tu.

Kuhusu biashara nitasema kidogo tu. Kama mji umekaa kwenye udugu kwa ajili ya mikataba ya bandari na viwanda, uuite biashara, na upimwe kwa sheria za biashara. Usituletee ngoma za watoto kuipamba.

Nimalize na lile nililoliona mwenyewe. Uhusiano wetu ulivunjwa kwa kura iliyochukua chini ya saa moja. Nadhani madiwani walikuwa na sababu nzuri, na ningekuwa mmoja wao huenda ningeinua mkono. Taarifa ilipelekwa kwa vyombo vya habari jioni ile ile. Hakuna aliyewaandikia wanafunzi. Watoto wa upande wa pili walijua kwa kusikia redioni kwamba hatuwataki tena, na hakuna aliyewaeleza kwamba ugomvi haukuwa nao. Kwenye sanduku la kamati kulikuwa na barua 31 ambazo hazijajibiwa, nyingine zikiwa na michoro. Mmoja aliuliza kama mbwa wa rafiki yake ameshapona.

Niliomba barua zile zijibiwe. Nikaambiwa kamati haipo tena kisheria na karatasi yenye nembo ya mji haiwezi kutumika. Nikatumia karatasi yangu. Niliwatafuta watoto wetu mmoja mmoja kupitia wazazi wao, na 19 walikubali kuandika. Wale 12 waliobaki niliwaandikia mimi, nikaeleza kwa maneno mepesi ni nani aliyekosana na nani. Mbwa alikuwa amepona.