Midomo haifuati wimbo

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tano, Kigoma. Tumerekodi video ya wimbo wetu ufukweni kwa simu mbili. Mwanzoni midomo inakwenda na sauti, ila kufika ubeti wa pili vimeachana kabisa. Tena nyuso zimetoka nyeusi. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwimbaji hana kosa. Simu nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya picha kwa sekunde, hasa mwanga ukififia, na ndipo sauti huachwa kidogo kidogo. Tumieni programu ya kamera inayofunga idadi hiyo: 25 au 30, mradi simu zote mbili zilingane. Spika ikae karibu na mwimbaji, naye aimbe kwa sauti kamili. Akichezesha midomo tu, shingo hutulia na mtazamaji hugundua. Msizime kipaza sauti cha simu. Sauti itakayoingia humo ndiyo mtakayoilinganisha na wimbo wa studio wakati wa kuhariri, kisha mnaiondoa. Mlichokwisha rekodi msikitupe! Kikateni kila baada ya mistari miwili, mlinganishe kipande kwa kipande.

Kuhusu nyuso: jioni jua la Kigoma liko upande wa ziwa. Mwimbaji akilipa ziwa mgongo, simu hupima mwanga wa anga na kumtia giza. Mgeuzeni, au mtu ashike shuka jeupe hatua mbili mbele yake, nje ya picha. Anzeni saa 11 na nusu. Jua huzama karibu saa 1.