Maswali na Majibu: Skuta ya umeme inazima mlimani

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nina skuta ya umeme ya volti 48, yenye betri nne za risasi za Ah 20 (kipimo cha ujazo wa betri), naendea kazini na sokoni. Zamani nilizunguka nayo kutwa. Siku hizi taa ya chaja ikigeuka kijani naondoka, lakini nikikuta mwinuko kidogo tu inazima. Nikiipumzisha inawaka tena. Fundi mmoja anasema mota imechoka. Mwingine anataka kunifungia betri ya lithiamu, niendelee na chaja hiihii. Nimsikilize nani?
M.S., Morogoro

JIBU: Hakuna wa kumsikiliza hapo. Mota iliyochoka hukwaruza au huchemka. Kwa kawaida haizimi mlimani kisha ikapona kwa kupumzika. Yaelekea betri moja imekufa. Zote nne zimeungwa mfululizo, volti zake zikijumlishwa, basi mota inapovuta umeme mwingi, ile mbovu huporomoka na kushusha jumla ya volti. Ikifika karibu volti 42, kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa mota, inakata. Taa ya kijani inasema chaja imemaliza kazi, haisemi betri zina akiba kiasi gani.

Endesha mpaka ianze kuzima, simama, na papo hapo pima kila betri peke yake kwa mita ya fundi umeme. Itakayokuwa chini ya wenzake kwa volti nzima au zaidi ndiyo mbovu. Kabla ya kufungua, zima swichi kuu, vua pete na saa, na uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme. Ncha za betri hizi zikigusanishwa kwa chuma hutoa cheche za kuunguza mkono.

Badilisha zote nne, aina moja, Ah sawa. Najua inauma mfukoni, ila ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu hujaa haraka na kuchemka huku mpya ikibaki nusu. Kisha chaji kila jioni hata kama umetumia kidogo, betri zikishapoa. Betri ya risasi ikilala tupu hujenga ukoko wa salfeti kwenye bamba zake, na ujazo hupungua.

Kuhusu lithiamu: ni nyepesi na hudumu zaidi, lakini chaja yako hapana. Chaja ya betri za risasi hupanda hadi karibu volti 59. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 (vijibetri vilivyoungwa ndani yake) mwisho wake ni volti 54.6. Kuilisha zaidi ya hapo ni kutafuta moto ndani ya nyumba.

Inua pia gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, huenda breki imebana na kuifanya mota ivute umeme zaidi.