Gramu 50 za giligilani ni vikombe vingapi?

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba maelekezo yako ya chatini yanataka gramu 50 za giligilani mbichi, ambayo wenzetu wa Kenya huiita dania, na kwamba nyumbani una kikombe cha kupimia lakini huna mizani. Kwa kikombe cha mililita 250, kiasi hicho ni takriban vikombe vitatu vya majani mazima yasiyoshindiliwa, au kikombe kimoja cha majani yaliyokatwakatwa madogo na kushindiliwa kwa kijiko. Majibu yote mawili ni sahihi, na ndiyo maana swali lako linawasumbua wapishi wengi.

Sukari ikisawazishwa hujaa kikombe karibu vilevile kila mara, lakini majani huacha nafasi kati yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokipima ni hewa. Niliwahi kuandaa chatini ya shughuli ya nyumbani kwa maelekezo yaliyosema "vikombe viwili", nikajaza majani yaliyokatwa na kushindiliwa, kumbe mwandishi alikusudia majani mazima. Chatini ikawa nzito, ladha ya majani ikafunika ndimu na pilipili, na wageni wakaiacha mezani. Baada ya hapo nilinunua mizani inayosoma gramu moja moja, nikapima kikombe kilekile kwa siku kadhaa: majani mazima yalikuwa gramu 16 hivi, yaliyokatwa bila kushindiliwa yalikuwa kati ya 30 na 35, na yaliyoshindiliwa yalikaribia 50.

Kwa hiyo angalia sana mpangilio wa maneno. "Kikombe cha giligilani iliyokatwa" hupimwa baada ya kukata. "Kikombe cha giligilani, kisha uikate" hupimwa majani yakiwa mazima.

Uzito nao una mitego yake, kwa sababu fungu la sokoni huja na mizizi, mabua na maji mengi ya kunyunyiziwa. Ondoa mizizi, osha, kausha kwa kitambaa safi, ndipo upime. Mabua laini yaache, kwani chatini husagwa. Kwenye kachumbari mimi hutumia majani peke yake.

Ukitaka uhakika bila kununua mizani, ning'iniza hanga ya nguo mahali inapocheza bila kuzuiwa, kisha funga mifuko miwili inayolingana katika ncha zake. Weka vijiko kumi vya chai vya maji, vya mililita 5 kila kimoja, katika mfuko mmoja. Hayo ni gramu 50. Ongeza majani katika mfuko wa pili mpaka hanga ilale sawa.

Ipo pia kanuni ya kutumia kijiko kimoja cha majani makavu badala ya vitatu vya mabichi. Kwa chatini hii usiifuate, maana giligilani ikikauka hupoteza karibu harufu yake yote.