Wadogo zangu wa redio jamii, njooni tuongee

Juzi nilikuwa nimekaa upande wa mitambo naangalia prezenta wetu mpya anambana mtendaji wa kata hewani, laivu, kuhusu bomba la maji lililokatika. Kambana kwelikweli. Mtendaji akasema "tumelipokea, tunalifanyia kazi", simu ikakatwa, ikaingia jingo, studio nzima makofi. Nikauliza, nani kaandika ahadi aliyotoa? Kimya. Tunampigia lini tena? Kimya. Nikaona bora niandike, maana haya ndo yaleyale tuliyoyafanya sisi mpaka tukaumiza watu, na kila kundi la volontia likija linaanza upya kabisa kama vile redio imefunguliwa jana.

1. Daftari la ahadi. Nani kaongea, kaahidi nini, tunamrudia tarehe ngapi. Lining'inizwe pale karibu na mixer kwa kamba, na kalamu yake, maana kalamu studio hii zinaliwa na panya. Kiongozi akijua mnarudi, ataongea tofauti hata siku ya kwanza.

2. Redio haichimbi choo. Mnapenda sana kusema "sisi ni sauti ya wasio na sauti", sawa, inapendeza kwenye tisheti. Ila waulizeni wazee wenu kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya kwa redio, mwaka 1973. Ilikuwa Redio Tanzania, ya serikali, wala siyo redio jamii, lakini sikilizeni ilivyofanya kazi: watu wanakaa kwenye vikundi kijijini, wana kijitabu, wana kiongozi wa kikundi aliyepata mafunzo, wanasikiliza kipindi pamoja, redio inazimwa, HALAFU ndo kazi inaanza, wanajadiliana kijiji chetu tatizo liko wapi na kesho tunafanya nini. Watu kama milioni 2 walishiriki, vyoo vikachimbwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Yaani kipindi kilikuwa sehemu ndogo tu. Sasa ninyi mnarusha kipindi cha saa nzima, ukiwauliza nani alikuwa anasikiliza na baada ya hapo walikaa wapi kuongea, mnanionyesha laiki za Facebook za watu wa Dar. Kikundi kimoja cha wakulima wa parachichi kinachokutana kila Alhamisi chini ya mti mnaoujua kina faida kuliko laiki zote hizo. Nendeni mkakae nao, mkawaulize kipindi kilikuwa na maana au porojo, na mkiambiwa porojo msinune.

3. Sasa hii ya lumbesa. Hii nitaisema ndefu, vumilieni.

Lumbesa mnaijua, wengi wenu mmesomeshwa kwa viazi. Gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba mpaka linasimama kama mjamzito, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100, Wakala wa Vipimo wanatangaza kila msimu, na kila msimu malori yanapita vilevile. Sasa mwaka ule tulikuwa na mradi wa uwajibikaji, tuna mfadhili, tuna rekoda mpya, tunajiona moto. Tukaenda kijiji kimoja upande wa Makete, tukampata mama mmoja anayeongea, jamani, ukimsikia unaweka chini kila kitu. Akaeleza yote: dalali anavyofika shambani na magunia yake mwenyewe, vijana wake wanavyopanda juu ya gunia na kushindilia kwa miguu, ukigoma anakwambia basi kaa na viazi vyako. Mimi ndo nilikuwa nimeshika maiki. Nilijua nimepata klipu ya mwaka.

Jina lake hatukulitaja, tukajiona wataalamu wa maadili. Ila nikamwacha anasema "hapa kwangu karibu na godauni la zamani", na nikaacha kile kicheko chake cha kukohoa mwishoni, kwa sababu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri! Hiyo ndo sababu niliyokuwa nayo. Kipindi kikaenda, simu zikamiminika, mkuu wa wilaya akatoa tamko, sisi tukapeana mikono na kuhamia mada ya mwezi uliofuata, nadhani ilikuwa mimba za utotoni.

Nilirudi kule msimu ulivyokwisha, na wala sikurudi kumjulia hali, nilirudi kwa sababu mfadhili alitaka hadithi ya mafanikio na picha. Nikamkuta yuko nyuma ya nyumba anachagua viazi, vingine vimeshaota macho, vingine vimegeuka kijani kwa kupigwa jua. Rundo kubwa. Malori yalikuwa yanapita kwake yanaenda kwa jirani. Hakuna aliyemtukana wala kumtisha, walimpita tu. Mwishowe akauza kidogo kidogo kwa ndoo barabarani, ada ya mtoto akaikopa kwenye vikoba. Na akanikaribisha, akanipa chai, akasema, "Mwanangu, redio yenu inasikika vizuri sana. Shida ni kwamba madalali nao wanasikiliza."

Nilikuwa na kamera begani. Sikuitoa. Ofisini ripoti ikaandikwa hivyohivyo, "jamii imepaza sauti", na nikasaini. Hilo la kusaini linaniuma kuliko kile kicheko.

Kwa hiyo mkiniona nawasumbua na maswali kabla ya kurusha, ndo haya. Huyu mtu akitambuliwa, nani atamkatia riziki? Amesikia klipu yake yenyewe kabla hatujarusha? Siyo kusaini fomu ya ridhaa, hapana, fomu inatulinda sisi, namaanisha avae earphone asikilize, aseme hapa toa. Na kama jambo ni la kijiji kizima, kwa nini liwe mdomoni mwa mtu mmoja? Tulivyorudia lumbesa baadaye tulirekodi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wengi, sauti juu ya sauti, na afisa vipimo tukamleta palepale na mzani wake akapima gunia mbele ya watu. Dalali hawezi kususia kijiji kizima, atanunua wapi? Lumbesa haijaisha, msije mkasema nimesema imeisha. Ila pale wakulima walikubaliana kupakia magunia yao wenyewe, na msimu ule malori yalikuja.

4. Bahasha. Ukilipwa nauli na unayemripoti, umeshapanda gari lake.

5. Ushujaa wa mitandaoni. Naona mnaposti "tuko tayari kwa lolote". Mdogo wangu, Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoa wa Iringa, mtu mzima, mzoefu, na aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, polisi walipokuwa wanatawanya watu wa chama cha siasa. Askari mmoja alikuja kutiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Nyololo siyo mbali, mnapita hapo mkienda Makambako. Kwa hiyo kwenye mikusanyiko hamwendi peke yenu, mhariri anajua mko wapi, na mkiambiwa ondokeni mnaondoka kwanza, hoja ya haki za waandishi tutaipeleka kesho yake tukiwa wazima wote.

6. Madogomadogo. Upepo wa Makambako utaua kila rekodi yako, ivishe maiki soksi. Bibi akikuchanganyia Kikinga usimkate, mwache amalize halafu muulize tena taratibu kwa Kiswahili, ndo lugha tunayorushia hewani. Mkutano wa mapato na matumizi unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, ujue tarehe ya vijiji vyako kabla mtendaji hajakwambia umeahirishwa. Mwenyekiti akikataa kuongea, andika kwamba amekataa na sababu aliyotoa, usimwige sauti hewani, ndiyo nakusema wewe wa kipindi cha jioni, tumecheka wote ila ilikuwa ujinga.

7. Bomba la maji. Mtendaji wa kata anapigiwa Jumatatu saa nne, na atakayempigia ni yuleyule aliyembana. Kabla ya hapo mmoja aende akaone kama fundi alifika, maana inawezekana limeshatengenezwa na sisi bado tunapigiana makofi.