Jiwe lilirushwa kabla au baada? Jibu kwa mdau aliyeuliza habari za fujo kwenye TV

Wakuu, mdau kauliza kwa nini kila fujo ikionyeshwa kwenye taarifa ya habari sisi wa mtaani ndo tunaonekana wakorofi, eti waandishi wamehongwa. Mi nimeshika kamera miaka sita kwenye TV moja hapa Dar (jina naliacha, kuna watu pale bado wananidai) na nakwambia mara nyingi hata hiyo bahasha haipo.

Anza na unaposimama. Kikinuka unakimbilia nyuma ya FFU (polisi wa kutuliza ghasia), maana upande wa pili kuna mabomu ya machozi na kamera ya ofisi ikivunjika unakatwa mshahara. Sasa ukipiga picha ukiwa nyuma ya ngao, mtu aliyekaa sebuleni kwake anaona jiwe linamjia yeye, ushamchagulia upande na ripota hata hajafungua mdomo. Na maneno ndo hayo hayo, "vijana wahuni", ila siku wakichoma kibaka moto wanageuka "wananchi wenye hasira kali" lol.

Siku moja niko Kariakoo, mgambo wanaondoa machinga, wakabeba kiroba cha dogo mmoja muuza viatu. Mnajua wanavyopangaga, mguu mmoja tu nje ili wezi wasichukue, kwa hiyo kiroba chote kilikuwa cha kushoto. Dogo anakimbiza pikapu huku ameshika cha kulia kimoja mkononi, analia, "bosi mnaenda kuvifanyia nini, vya kushoto vitupu!" Akasukumwa akaanguka. Hapo ndo mawe yakaanza. Nilipiga vyote. Usiku saa mbili naangalia taarifa ya habari, limeanza jiwe, halafu mgambo, kiatu hakipo kabisa. Namuuliza mhariri ananijibu jiwe lina mvuto, na tuna dakika moja na nusu. Hakuna aliyempigia simu, niamini.

Na msidhani ni sisi tu. Uingereza, mgomo wa wachimba makaa, sehemu inaitwa Orgreave, tarehe 18 Juni 1984, BBC walionyesha wachimbaji wanarusha mawe kisha polisi wa farasi wanawavamia, wakati wachimbaji wenyewe walisema farasi ndo walianza. Mwaka 1991 BBC wakakubali kwamba mpangilio uligeuzwa, wakasema ni bahati mbaya. Miaka 7 ishapita hapo! Kesi walizoshtakiwa wachimbaji zilishavunjika mahakamani, na mwaka huo huo wa 1991 polisi wa eneo lile, South Yorkshire, wakalipa pauni 425,000 kwa watu 39, ila we nenda kamtafute aliyeona ile taarifa ya kwanza umwambie afute kichwani.

Kwa hiyo mdau, ukiangalia fujo we jiulize tu kamera imesimama kwa nani na kabla ya jiwe kulikuwa na nini.

Yule dogo nilikutana nae kama wiki mbili baadae, Mtaa wa Kongo pale pale, akanikumbuka kwa kamera. Nikajua nakula matusi. Akaniuliza tu, "Bro, kwani kile kiatu hukukiona?"